Njia ya kuita msaada nyumbani: jua inategemea nini kabla hujaitegemea

Mwulize mtu yeyote ataitaje msaada akipatwa na jambo la ghafla nyumbani, atakwambia, "Simu si ninayo." Ni kweli anayo. Ila jibu hilo halisemi simu itakuwa wapi saa hiyo, itakuwa na chaji kiasi gani, nani ataipokea upande wa pili, atajuaje mahali pa kuja, na akishafika ataingiaje ikiwa mlango umekomewa kwa ndani. Wito wa msaada unaweza kuishia njiani katika hatua yoyote kati ya hizo, na inatosha moja tu kukwama.

Vifaa siku hizi ni vingi: simu janja, simu ya mezani, kitufe cha kuvaa shingoni, saa inayohisi mtu akianguka, spika inayoitika kwa sauti, kamera, king'ora. Muuzaji wa kila kimoja atakueleza kinafanya nini kikiwa kizima. Anachohitaji kujua mnunuzi ni upande wa pili: kinashindwa lini, na kikishindwa kinabaki nini. Nimeandika makala haya kwa sababu watu makini kabisa hununua kifaa kizuri kisha wakakiamini mahali ambapo hakikutengenezwa kufanya kazi, na hawajui hilo mpaka siku yenyewe.

Dharura hazifanani

Tuanze na dharura zenyewe, maana njia inayofaa wakati wa moto inaweza kukuponza akiingia mwizi.

Nyumba ikishika moto, simu si jambo la kwanza. La kwanza ni kutoka, na kupiga simu ukiwa nje. Anayerudi chumbani kutafuta simu anaingia kwenye moshi, na moshi huua watu kabla moto wenyewe haujawafikia. Kwa hiyo njia ya kuaminika hapa ni ile unayotoka nayo mwilini, au iliyoko kwa jirani. Kengele ya moshi nayo, na hili wengi hawalijui, haimpigii mtu simu. Inawaamsha waliomo ndani basi, isipokuwa kama imeunganishwa na kituo kinachopokea taarifa zake. Ikilia wakati wewe hauko, itamlilia nani?

Gesi ikivuja ni vivyo hivyo, kwa sababu nyingine. Usiwashe taa, usizime taa, usitumie simu ukiwa ndani, maana cheche ndogo ya swichi inatosha. Toka kwanza, piga ukiwa mbali.

Mtu akivunja mlango usiku, tatizo ni sauti yako mwenyewe. Spika inayotaka uiite kwa jina haikusaidii kitu ukiwa umejificha. Baadhi ya nchi zimeliwekea hili utaratibu. Nchini Uingereza, aliyepiga 999 kwa simu ya mkononi na hawezi kuongea huelekezwa abonyeze 55, ndipo simu yake ipelekwe polisi. Asipoongea wala kubonyeza chochote, simu inaweza kukatwa ikidhaniwa imejipiga mfukoni. Sehemu nyingi za Marekani zinapokea ujumbe mfupi uliotumwa kwenda 911, lakini si zote. Uingereza nayo inapokea ujumbe mfupi kwenda 999, sharti namba yako iwe imeshasajiliwa kwa huduma hiyo. Huo si usajili wa kufanya ukiwa chini ya kitanda. Utaratibu wa unakoishi utafute leo, ukiwa umetulia.

Moyo ukisimama, mgonjwa hapigi simu kabisa kwa sababu anapoteza fahamu ndani ya sekunde chache. Anayeita msaada ni aliye karibu naye, na mikono ya huyo inahitajika kifuani mwa mgonjwa, ikikandamiza mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa wala moyo kushtuliwa kwa mashine, nafasi ya kupona inapungua kwa takribani asilimia 7 hadi 10. Katika nchi nyingi wapokeaji wa simu za dharura wamefunzwa kukuelekeza hatua kwa hatua huku ukikandamiza. Wataweza kufanya hivyo kama simu iko kwenye spika, imelazwa sakafuni karibu nawe. Kujua kitufe cha spika kiko wapi, bila kutafuta, ni jambo dogo linaloamua mambo makubwa. Kila mtu wa nyumbani ajaribu kwenye simu yake, na kwenye simu ya mwenzake pia, kwani simu itakayotumika inaweza isiwe yake.

Halafu kuna kuanguka, na kuna kiharusi. Hapo mtu yuko macho, peke yake, sakafuni, hawezi kuinuka au hawezi kutamka neno likaeleweka. Hapa ndipo njia nyingi hushindwa, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Simu ya mkononi inaweza nini, na haiwezi nini

Nianze na uzuri wake, maana watu hawaujui wote. Zamani aliyepokea simu ya dharura kutoka kwenye simu ya mkononi alijua mnara tu, na mnara mmoja unaweza kuhudumia eneo la kilomita kadhaa. Mwaka 2014 Uingereza ilianza kutumia mfumo ujulikanao kwa kifupi kama AML, ambao huifanya simu yenyewe, mara mtu anapopiga namba ya dharura, iwashe vipimo vyake vya mahali na kupeleka taarifa hiyo kimyakimya kwenye kituo. Google iliuingiza uwezo wa namna hiyo kwenye simu za Android mwaka 2016, na Apple ikafuata kwenye iPhone mwaka 2018. Sharti ni kwamba nchi husika iwe imekubali na kuandaa vituo vyake kupokea taarifa hizo. Pale ambapo haijafanya hivyo, simu yako janja haimwambii mpokeaji chochote, na anwani utaitaja kwa mdomo wako.

Jambo la pili ni kwamba simu ya dharura haifungwi na kampuni yako. Mtandao wako ukipotea lakini wa kampuni nyingine upo hewani, simu huonyesha maneno kama "simu za dharura tu", na kwa kawaida itapita huko. Salio halihitajiki. Simu iliyofungwa kwa namba ya siri nayo hupiga, kwa kuwa skrini ya kufungulia ina kitufe cha dharura. Mwonyeshe mtoto kitufe hicho. Akimkuta mzazi ameanguka, simu ya mzazi iko palepale na namba ya siri haijui. Simu isiyo na laini ndani yake ni suala jingine. Nchi nyingine zinairuhusu kupiga, nyingine hapana. Ujerumani, kwa mfano, imekuwa ikidai laini iliyosajiliwa tangu mwaka 2009, baada ya vituo vyake kuchoshwa na watu waliopiga kwa mzaha.

Sasa udhaifu. WhatsApp na programu nyingine za kupigiana kwa intaneti hazipigi namba za dharura. Linaonekana dogo, lakini aliyezoea kufanya kila kitu humo atalifikiria humo kwanza, na dakika za kwanza zitapotea.

Udhaifu wa pili hauonekani kirahisi. Ndani ya nyumba yenye kuta nene, mawimbi ya mnara hufika kwa shida, kwa hiyo simu nyingi hupitisha maongezi kwenye Wi-Fi ya nyumbani bila kumwambia mwenye simu. Maongezi yanasikika vizuri, mtu anaamini nyumba yake ina mtandao mzuri. Siku umeme ukikatika, ruta inazimika, na ndipo anagundua kwamba chumbani kwake hapakuwahi kuwa na mawimbi ya mnara. Ukitaka kujua nyumba yako iko upande gani, zima Wi-Fi ya simu, ingia chumba hadi chumba, ukianzia bafuni na chooni, umpigie mtu.

Udhaifu wa tatu ni teknolojia kustaafishwa. Australia ilipozima mitandao yake ya 3G mwaka 2024, ilibainika kuwa kulikuwa na simu zilizopiga simu za kawaida kwa 4G bila tatizo lolote, lakini zikipiga 000, namba ya dharura ya huko, zilikuwa zimepangwa kushuka kwenye 3G, ambayo haipo tena. Mwenye simu hiyo asingejua. Angeendelea kuongea na ndugu zake kila siku akiamini simu yake ni nzima. Makampuni yakaelekezwa kuziondoa simu za aina hiyo kwenye mitandao yao. Nimelitaja hili kwa kirefu kwa sababu lina fundisho ambalo halitokani na akili ya kawaida: simu kuita ndugu hakuthibitishi kwamba itaita msaada. Ukinunua simu kuukuu, au iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine, iulize kampuni ya laini yako swali hilo hasa.

Na minara nayo inakula umeme. Mingi ina betri za akiba, lakini ni za saa chache. Tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulipokatika karibu Hispania na Ureno nzima, simu za mikononi ziliendelea kwa muda, kisha mitandao ikaanza kufifia jinsi betri za minara zilivyoisha. Watu wakarudi kwenye redio za betri kupata habari.

Simu ya mezani si ile uliyoizoea

Simu ya mezani ya waya wa shaba ilikuwa na sifa moja ambayo hakuna kilichoirithi: ilipata umeme wake kutoka kwenye kituo cha simu, takribani volti 48, kupitia waya uleule wa maongezi. Nyumba nzima ingekuwa gizani, simu ingelia. Iliyo na mkono usio na waya haikuwa na sifa hiyo, kwani kitako chake kinachomekwa ukutani, na watu wengi walibadilisha moja kwa nyingine bila kujua walichokitoa.

Nchi nyingi sasa zinaing'oa shaba au kuizima. Uingereza imepanga kufunga mtandao wake wa zamani mwanzoni mwa 2027, baada ya kuahirisha kutoka 2025. Simu ya mezani inayokuja badala yake hupita kwenye intaneti, kwa hiyo inategemea modemu, ruta na umeme wa nyumba. Vikizimika, imezimika. Desemba 2023 makampuni ya simu ya huko yalikubali kusitisha kuwahamisha watu kwa lazima baada ya kutokea matukio mazito ambapo vifaa vya kuitia msaada vya wazee vilishindwa kufanya kazi kwenye laini mpya. Kifaa kilikuwa kizima, laini ilikuwa nzima, ila havikuelewana.

Basi usijiulize kama nyumba ina simu ya mezani. Jiulize modemu ikikosa umeme inaendelea kwa muda gani. Kifaa kidogo cha betri cha kuibeba modemu na ruta kinapatikana, na kinafaa sana kwa anayeishi peke yake. Lakini hicho nacho hakisaidii iwapo hitilafu iko nje, kwenye mtandao wenyewe.

Kitufe cha kuvaa, na kwa nini hakibonyezwi

Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Marekani, Andrew Dibner, alianzisha huduma ya kwanza ya aina yake nchini humo: mtu anayeishi peke yake anakuwa na kitufe karibu naye, anakibonyeza, na simu ya nyumbani inapiga yenyewe kuita msaada. Muundo haujabadilika sana. Kitufe kina redio ndogo ndani yake. Kinazungumza na kitako kilichowekwa sebuleni au chumbani. Kitako kina spika yenye sauti kubwa na maikrofoni, nacho ndicho kinachopiga kituoni kwa laini ya simu au kwa laini ya mkononi iliyomo ndani yake. Betri ya kitufe huchukua miaka. Kitako kinachomekwa ukutani na kina betri ya akiba.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba aliyeko kituoni anajua ni nani amebonyeza kabla hajasikia neno. Mwenye kiharusi aliyepoteza usemi, akibonyeza akanyamaza, kituo kinajua jina lake, anwani yake, dawa anazotumia ikiwa aliziandikisha, na nani ana ufunguo. Hakuna simu ya kawaida inayofanya hivyo kwa uhakika huo. Kwa mzee anayeishi peke yake, mimi ningekiweka mbele ya kifaa kingine chochote cha kidijitali.

Ila kuna jambo la kuumiza. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia kwa mwaka mzima watu wenye umri wa zaidi ya miaka 90. Miongoni mwa walioanguka, asilimia 30 walilala sakafuni kwa saa moja au zaidi. Vitufe vya kuitia msaada walikuwa navyo wengi, lakini katika matukio mengi ya kulala sakafuni muda mrefu havikutumika.

Kwa nini? Watafiti walikuta kizuizi katika kila hatua. Wengine hawakuona haja ya kifaa tangu mwanzo. Wengine walikuwa nacho lakini hawakujenga mazoea ya kukivaa. Wengine walikuwa wamekivaa, wakaanguka, wakaamua kwa hiari yao kutokibonyeza, au wakajaribu wakashindwa. Yeyote aliyekaa na mzee anaielewa orodha hiyo bila kuelezwa. Kitufe kinaning'inia kwenye mguu wa kitanda, kimefungwa kwa mkanda wake mizunguko miwili ili kisipotee. Kimevuliwa kabla ya kuoga kisilowe, wakati wengi wa watengenezaji hukitengeneza kivaliwe hata bafuni, mahali ambapo sakafu ina maji na hakuna cha kushikilia. Na anapokuwa sakafuni, mzee anajiambia asimsumbue mtu usiku, atainuka mwenyewe punde kidogo. Au anaogopa kwamba akibonyeza atapelekwa hospitali, na akipelekwa hospitali hatarudishwa nyumbani kwake.

Hofu hiyo ya mwisho haiondolewi na kifaa. Inaondolewa na mazungumzo, kabla kifaa hakijanunuliwa. Mweleze mama au baba nini kitatokea akibonyeza: atasikia sauti ya mtu, ataulizwa yuko salama, na akisema anahitaji kuinuliwa tu, atakuja wa kumwinua. Mwambie pia ukweli kuhusu kungoja. Mwili ukilalia misuli ileile kwa saa nyingi, misuli huharibika na kumwaga kwenye damu vitu vinavyoziumiza figo. Ngozi huanza kuoza pale ilipobanwa. Mwili hukauka maji na kupoa. Mara nyingi kinachomlaza hospitali kwa wiki kadhaa ni zile saa alizongoja sakafuni, zaidi ya kule kuanguka kwenyewe. Anayeogopa kupelekwa hospitali ana sababu ya kubonyeza mapema.

Kwa kuwa watu hawabonyezi, vikaja vifaa vinavyohisi vyenyewe. Ndani yake mna kihisi cha mwendo kinachotafuta mfuatano fulani: mwili kushuka kwa kasi, kugonga, kisha utulivu. Saa ya Apple ilianza kuwa nacho mwaka 2018. Mtu akianguka kwa nguvu inamuuliza, na asiposogea kwa takribani dakika moja inapiga yenyewe namba ya dharura. Ni kitu kizuri, lakini kijue mipaka yake. Mzee aliyeteleza taratibu kutoka kwenye kiti, akishikilia meza mpaka akafika chini, hajaanguka kwa kasi, na kifaa kinaweza kisione kitu. Saa nyingi zinahitaji simu iwe karibu, au ziwe na laini yake ndani. Halafu zinachajiwa karibu kila siku, na wengi huzichaji usiku: wanavua saa, wanalala, wanaamka saa tisa usiku kwenda chooni gizani na usingizi machoni, na saa iko kwenye chaja. Ichajiwe jioni, mtu akiwa amekaa na wenzake au akiwa anatazama runinga, ili usiku iwe mkononi.

Jambo jingine dogo: mkanda wa shingoni uwe ule unaokatika ukivutwa kwa nguvu, usije ukanasa kwenye kitasa au ukingo wa kitanda. Kwa mwenye mikono inayotetemeka au vidole vyenye baridi yabisi, kitufe cha kifundo cha mkono kinaweza kuwa kigumu kubonyeza kwa mkono wa pili. Mpe akijaribu mbele yako, kwa mkono wa kulia na wa kushoto.

Spika za sauti nitazipita haraka. Zinategemea umeme, ruta, intaneti na huduma ya kampuni iliyo mbali, vyote kwa pamoja, na nyingi hazipigi namba za dharura moja kwa moja bila huduma ya ziada. Zinafaa kama nyongeza kwa mtu asiyeweza kutumia mikono. Zisiwe njia ya kwanza.

Upande wa pili yuko nani?

Usiku wa tarehe 10 Novemba 1935 nyumba iliungua katika mtaa wa Wimpole jijini London na wanawake watano wakafa. Jirani aliyeuona moto alikuwa amepiga simu, akabaki kwenye foleni ya mitambo bila kupokelewa. Aliandika gazetini kulalamika, uchunguzi ukafanyika, na tarehe 30 Juni 1937 namba 999 ikaanza London ili simu za namna hiyo zitangulie nyingine zote. Simu ya jirani yule ilikuwa nzima na laini ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mpokeaji aliyetenganishiwa kazi hiyo.

Tunarudia tatizo hilo leo kwa namna nyingine. Familia nyingi hupanga kifaa kitume ujumbe kwa ndugu watano kwa mpigo. Inaonekana ni ulinzi mara tano. Lakini saa nane usiku, wawili simu zao ziko kwenye hali ya kutosumbuliwa, mmoja yuko safarini, na wawili waliouona ujumbe kila mmoja anadhani mwenzake ameshaenda. Ndugu wawekwe kwa mpangilio: wa kwanza ni huyu, asipojibu kwa dakika kadhaa ni yule, na wa mwisho ni kituo au namba ya dharura. Na kila mmoja afungue mipangilio ya simu yake airuhusu namba hiyo kupita hata simu ikiwa kimya. Simu janja nyingi zina uwezo huo kwa kila namba pekee yake, na watu wengi hawajawahi kuugusa.

Kituo cha kulipia kinachopokea saa 24 kinatatua hilo, lakini kiulize maswali. Nani anapokea usiku? Wakimpigia mzee asijibu, wanafanya nini, na baada ya muda gani? Wanamtuma mtu wao au wanaita huduma ya umma? Kitako kikikosa mawasiliano na kituo, nani anaarifiwa? Swali la mwisho ndilo linalotenganisha huduma nzuri na ya hovyo, kwa kuwa kitako kizuri hujipima na kuripoti kwamba kiko hai, na kituo kizuri huanza kutafuta kikinyamaza.

Pale ambapo namba ya dharura haijibiwi upesi au gari la wagonjwa halifiki kwa wakati, upande wa pili ni majirani, na hilo lipangwe kwa uzito uleule. Jirani mwenye gari, jirani anayelala karibu, jirani ambaye hasafiri. Namba zao ziandikwe kwa maandishi makubwa kwenye karatasi ukutani, pamoja na namba ya moja kwa moja ya kikosi cha zimamoto na ya hospitali iliyo karibu, maana simu ikizimika namba zote zimezimika nayo, na ni wachache siku hizi wanaokumbuka hata namba tatu kichwani. Filimbi au kengele ya mkono kando ya kitanda nayo ni njia halali kabisa. Haihitaji chaji.

Mlango

Waliokuja kuokoa wanaweza kusimama nje ya mlango. Nyumba imefungwa, funguo iko kwenye kitasa kwa ndani, aliyeita yuko sakafuni. Mlango utavunjwa, ila utachukua muda. Mpe ufunguo jirani mmoja, au weka kisanduku cha ufunguo chenye namba ya siri ukutani kwa nje na namba hiyo iandikishwe kituoni. Halafu hakikisha ufunguo wa nje unafanya kazi hata kama mwingine umeachwa ndani. Vitasa vingi haviruhusu. Mnyororo na komeo la ndani navyo huufanya ufunguo wa jirani kuwa bure. Hofu ya wezi na hofu ya kuanguka zinavutana hapa, na kila nyumba itaamua, lakini iamue ikijua.

Kuchagua

Ukishayaona yote hayo, kanuni ninayoishika ni moja: kuwa na njia mbili zisizotegemea kitu kimoja. Simu ya mezani ya intaneti, spika ya sauti na simu inayopita Wi-Fi vinaonekana vitatu, lakini vyote vinanywa kutoka kwenye ruta moja. Ni ndoo tatu na kisima kimoja. Chukua karatasi, andika kila njia uliyo nayo, na chini yake andika inachohitaji: umeme wa nyumba, ruta, mnara, mikono, sauti, mtu wa pili. Neno likijitokeza chini ya njia zote, hapo ndipo pa kurekebisha.

Kwa kijana mzima anayeishi na wenzake, simu ya mkononi yenye chaji na jirani anayefahamika vinatosha. Kwa nyumba yenye watoto, simu moja ikae mahali pamoja siku zote, yenye chaji, na mtoto ajue kutaja anwani au alama ya kufikia nyumba. Mtoto anayejua kupiga lakini hajui anakaa wapi amefika nusu ya njia. Kwa mzee au mgonjwa anayeishi peke yake, kitufe kinachovaliwa usiku na mchana chenye kitako kinachotumia laini ya mkononi, pamoja na mtu wa kumpigia kila asubuhi saa ileile. Simu hiyo ya asubuhi haimhitaji yeye afanye chochote. Asipoipokea, kutopokea ndio wito wenyewe, na inashika yale yote ambayo kitufe kiliyakosa. Kwa mwenye usikivu hafifu au ulemavu wa usemi, ulizia njia ya ujumbe mfupi au ya video unakoishi, na usajili namba mapema.

Mwisho, jaribu. Usiipigie namba ya dharura kwa majaribio. Kituo cha kitufe kinatarajia kupimwa, na kwa kawaida hushauri ubonyeze mara moja kwa mwezi na kuwaambia ni jaribio. Jaribio lenye maana zaidi hufanyika bafuni. Lala sakafuni palepale ambapo mtu angeanguka, mlango ukiwa umefungwa, usiinue kiwiliwili. Nyoosha mkono. Unafikia nini? Bonyeza kitufe, sikiliza kama sauti ya kitako inafika, na kama maikrofoni inakusikia ukiongea kwa sauti ya mtu mwenye maumivu. Kisha zima swichi kuu ya umeme, subiri dakika chache, urudie. Kisichofanya kazi hapo kisogeze, kibadilishe, au ukirudishe dukani, na jaribio lifanyike upya kila mnapohama nyumba, mnapobadilisha kampuni ya intaneti, au fundi anapokuja kuweka modemu mpya.